Kura ya Mbunge Wetu Iko Wapi?

Ndugu msikilizaji, wapo watu katika mji wetu wa Mtwara, kuanzia Ufukoni hadi Chikongola, wanaoweza kukutajia bei ya korosho ya kila msimu tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, bila kutazama karatasi. Waulize mbunge wao alipiga kura gani siku Bunge lilipoamua juu ya fedha za korosho hiyohiyo, nao watakutazama tu. Usidhani kwamba watu hao hawafuatilii siasa. Wanazifuatilia kuliko tunavyofuatilia mpira. Tatizo ni kwamba jibu la swali hilo halikuandikwa mahali popote.

Juma hili nataka tuitazame kumbukumbu ya mbunge mmoja aliyekaa Bungeni miaka kumi na mitano, yaani Mheshimiwa Hawa Abdulrahman Ghasia, aliyekuwa Mbunge wa Mtwara Vijijini kwa tiketi ya CCM tangu mwaka 2005 hadi 2020. Nimemchagua yeye kwa sababu alikaa pande zote mbili za ukumbi. Karibu miaka kumi alikuwa waziri, akijibu maswali. Baadaye akawa mwenyekiti wa kamati, akiyauliza. Wabunge wengi huishia upande mmoja, na hivyo hatupati nafasi ya kuwapima walivyosema walipokuwa na madaraka na walivyosema walipokuwa hawana.

Kwanza tueleze wadhifa wake. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete alimteua kuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, anayeshughulikia Menejimenti ya Utumishi wa Umma. Katika mabadiliko ya Baraza la Mawaziri ya Mei 2012 akahamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambayo wote tunaiita TAMISEMI. Hapo ndipo alipokutana na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2014, ambao katika baadhi ya maeneo uliharibika kwa karatasi za kura kuchelewa au kuwa na kasoro. Wapinzani walimtaka ajiuzulu. Yeye alibaki, na baadhi ya wakurugenzi wa halmashauri ndio walioondolewa. Hayo ni mambo ya kitaifa na yalikwisha semwa sana, nami sitayarudia.

Lakini kwa mtu wa Msimbati au Madimba, jina la Waziri Ghasia katika miaka ile lilifungamana na jambo moja tu: gesi.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na Mnazi Bay iko Msimbati, ndani ya jimbo lake. Serikali ilipoamua kujenga bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa mkopo kutoka China, watu wa huku waliandamana tarehe 27 Desemba 2012. Kauli yao, "gesi haitoki", ilienea mpaka kwa watoto. Januari 2013 mambo yakageuka kuwa vurugu. Mjini Masasi nyumba za wanasiasa zilichomwa moto, miongoni mwake ya Mbunge wa Masasi wakati huo, Mariam Kasembe, na ya Mama Anna Abdallah, ambaye alikuwa Mbunge wa Viti Maalumu na mmoja wa wanawake waliotumikia Bunge na Serikali kwa muda mrefu kuliko wengi. Mei 22 mwaka huohuo, siku bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, Mtwara ikawaka tena, safari hii jeshi likaletwa mitaani. Watu walipoteza maisha.

Sasa tujiulize swali la leo. Wabunge ambao nyumba zao ziliungua walikuwa wamepiga kura gani kuhusu bomba? Hakuna aliyewasha kiberiti Masasi aliyekuwa na karatasi inayoonyesha hivyo. Uamuzi wa bomba ulikuwa wa Serikali, na Bunge liliukuta ndani ya makadirio ya wizara, katikati ya mafungu mengine kadha wa kadha. Watu waliwaadhibu wabunge wao kwa ukimya walioudhania, au kwa neno walilosikia kwamba mheshimiwa fulani kalitamka. Ghasia mwenyewe, akiwa waziri, hakuwa na ruhusa ya kusema tofauti hata kama moyo wake ungetaka. Ibara ya 53 ya Katiba yetu inasema mawaziri wanawajibika kwa pamoja. Waziri asiyekubaliana na wenzake anaweza kusema hivyo ndani ya mlango wa Baraza. Akitoka nje anasema la Serikali au anaacha kazi. Mkulima wa Madimba hakupewa somo hilo na mtu yeyote. Aliona tu mbunge wake ameketi kwenye viti vya mbele na bomba linapita.

Naomba nieleze kidogo namna kura inavyopigwa Bungeni, maana hata sisi watu wa mijini tunaosoma magazeti kila siku tunachanganya.

Mambo mengi Bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika huuliza wanaoafiki waseme ndiyo, kisha wasioafiki waseme siyo, halafu hutamka kwamba anadhani walioafiki wameshinda. Mwenye masikio mazuri pale ukumbini anaweza kujua "siyo" zilitoka kona ipi. Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, haina masikio. Huandika kwamba hoja ilitolewa iamuliwe, na kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa, basi. Hakuna jina wala hesabu.

Iko kura moja kubwa kila mwaka ambayo huitwa kwa majina, nayo ni ya bajeti ya Serikali. Katibu husoma jina la mbunge mmoja mmoja, naye hujibu. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo tungepata kumbukumbu tunayoitafuta. Lakini tazama Ibara ya 90 ya Katiba: mojawapo ya sababu zinazomruhusu Rais kulivunja Bunge ni Bunge kukataa kupitisha bajeti. Kwa hiyo mbunge anayeitwa jina na kujibu "ndiyo" anajibu maswali mawili kwa pamoja, la bajeti na la kiti chake mwenyewe. Uongezee na Ibara ya 71, inayosema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, ubunge wake unakoma. Chama kikimvua uanachama jioni, asubuhi jimbo liko wazi. Chini ya masharti hayo mawili, kura ya jina inatuonyesha nani ni wa chama gani, jambo tulilokuwa tunalijua tangu siku ya uchaguzi.

Mbunge wa kawaida amebaki na silaha ndogo ndogo. Iliyo maarufu ni shilingi. Wakati Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitia mshahara wa waziri, mbunge husimama akatishia kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Nani asiyeufahamu mchezo huo? Mheshimiwa anashika shilingi kwa ukali, waziri anaahidi kulifanyia kazi, mheshimiwa anairudisha shilingi, na wananchi wake waliokuwa wakisikiliza redio wanapiga makofi. Kisha kuna ule mtindo wa mbunge kuisema wizara dakika tisa mfululizo kwa barabara mbovu, zahanati isiyo na dawa na maji yasiyotoka, halafu dakika ya kumi akaunga mkono hoja mia kwa mia. Simcheki. Ndiyo lugha aliyoachiwa, na mwenye kuijua anajua kwamba zile dakika tisa ndizo kura yake halisi. Ila lugha hiyo haifasiriki vizuri kijijini.

Tufike Juni 2018, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Wakati huo Ghasia hakuwa waziri tena. Baada ya uchaguzi wa 2015 alirudi na kiti chake, ilhali Mtwara Mjini ilikwenda kwa CUF, na mwaka 2016 akawa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Bajeti. Hiyo ni kamati inayokaa na Waziri wa Fedha na kuupitia mstari mmoja mmoja kabla haujafika ukumbini. Mwenyekiti wake kwa kawaida ni mtu ambaye Serikali inamwona kuwa wa nyumbani.

Jambo lenyewe lilikuwa ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009, pamoja na marekebisho yaliyofuata, iliweka ushuru wa asilimia 15 ya thamani ya korosho bandarini, au dola 160 kwa tani, kiasi kitakachokuwa kikubwa. Sheria hiyohiyo ikasema asilimia 65 ya makusanyo irudi kuendeleza zao, na asilimia 35 iende Mfuko Mkuu wa Serikali. Tuchukue tani moja iliyouzwa kwa dola 1,500. Ushuru wake ni dola 225. Katika hizo, dola 146 na ushee zilitakiwa kurudi kwa mkorosho: kununua salfa ya kupulizia ubwiri unga, kuzalisha miche, kugharimia utafiti pale Naliendele. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000, mavuno ambayo hatukuwahi kuyaona. Fanya hesabu mwenyewe.

Fedha hizo zilikusanywa, lakini sehemu ya zao haikurudi kama sheria ilivyotaka. Wabunge wa kusini walidai shilingi bilioni 211 kwa miaka miwili. Jibu la Serikali lilikuja ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka 2018: kifungu kibadilishwe, ushuru wote, asilimia 100, uingie Mfuko Mkuu. Waziri wa Fedha, Dakta Philip Mpango, alisimamia hoja kwamba Serikali ndiyo itakayopanga matumizi kwa mazao yote kupitia bajeti. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Nchi ina pamba, ina kahawa, ina tumbaku, na mtu wa Shinyanga anayo haki ya kuuliza kwa nini korosho iwe na mfuko wake. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kubadili sheria kwa siku zijazo na kuacha kulipa deni ambalo sheria ya jana iliagiza lilipwe.

Kamati ya Bajeti chini ya Ghasia haikukubaliana na badiliko hilo, na msimamo huo ulitolewa Bungeni kwa jina la kamati. Ndugu msikilizaji, usilipite haraka jambo hili. Mwenyekiti kutoka chama kinachotawala, aliyekuwa waziri kwa karibu muongo mzima, alisimama na wabunge wenzake wa kusini, akiwemo Nape Nnauye wa Mtama, kupinga muswada wa fedha wa Serikali ya chama chake. Upande wa pili wa ukumbi, kwenye viti vya mbele, alikuwa ameketi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, naye wakati huo alikuwa Mbunge wa Ruangwa, Lindi, kwenye mikorosho. Kwake Ibara ya 53 ilikuwa inafanya kazi ileile iliyofanya kwa Ghasia mwaka 2013. Wapiga kura wa Ruangwa na wa Mtwara Vijijini wana shamba moja na shida moja. Mmoja alikuwa na mbunge mwenye ruhusa ya kusema na mwingine hakuwa naye.

Muswada ulipita. Sheria ilianza kutumika Julai mosi. Siku chache tu baadaye Rais John Magufuli aliwasema hadharani wabunge wa kusini, tena kwa maneno makali, huku akieleza kwamba walikuwa wakitetea fedha ambazo hazikuwa zikimfikia mkulima. Baadaye mwaka huohuo Ghasia na makamu wake katika kamati, Jitu Soni, walijiuzulu uongozi wa Kamati ya Bajeti.

Yaliyofuata yanakumbukwa na kila nyumba yenye mkorosho. Minada ya Oktoba ilipofunguliwa, wanunuzi walileta bei chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia ilifika 4,000 hivi, na wakulima wakakataa kuuza. Novemba 10 Rais aliwaondoa Waziri wa Kilimo, Charles Tizeba, na Waziri wa Viwanda na Biashara, Charles Mwijage, akaivunja na Bodi ya Korosho. Mwenyekiti wa bodi hiyo alikuwa nani? Mama Anna Abdallah, yuleyule ambaye nyumba yake Masasi iliungua mwaka 2013. Kisha Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya Jeshi la Wananchi yakaja kubeba. Bei ilipendwa. Malipo yalichelewa, uhakiki ukachukua miezi, na anayeitwa kangomba, yaani mlanguzi wa kununua kwa kibaba vijijini, akawa jina la kumtia mtu ndani. Mavuno ya msimu huo yalishuka hadi takribani tani 225,000. Hali ya hewa ilihusika, lakini mkulima aliyekosa salfa kwa wakati hahitaji kuelezwa na mtaalamu kwa nini maua yake yalikauka.

Hebu sasa tuirudie kumbukumbu. Mtu akitaka kujua wabunge wa CCM kutoka Mtwara na Lindi walifanya nini siku ile kifungu cha korosho kilipohojiwa, atakuta hotuba. Atakuta nani alisimama na alisema nini, kwa jina na kwa jimbo, na hilo si haba. Kazi ya waandishi wa Hansard ni ya kuheshimiwa. Akitafuta nani alinyamaza kisha akasema ndiyo, hatapata. Mbunge aliyepigania korosho mpaka ikamgharimu, na mbunge aliyekuwa nje akinywa chai, wote wawili wanasomeka katika ile sentensi moja ya kuafikiwa.

Oktoba 2020 ukaja uchaguzi mkuu, ambao vyama vya upinzani viliulalamikia vikali. CCM ilizoa karibu viti vyote. Tanzania Bara majimbo mawili tu yalikwenda upinzani: Nkasi Kaskazini kwa Aida Khenani wa CHADEMA, na Mtwara Vijijini kwa Shamsia Mtamba wa CUF. Katika mwaka ambao mgombea wa CCM ilikuwa vigumu kushindwa, aliyeshindwa alikuwa Hawa Ghasia.

Wako wanaosema waliadhibu bomba la 2013 kwa kuchelewa. Wengine wanasema ni korosho ya jeshi, kwamba waliikasirikia CCM naye ndiye aliyekuwa amesimama karibu. Wako pia wanaosema miaka kumi na mitano inatosha kwa mtu yeyote, nayo ni sababu halali. Kura ya mwananchi ni siri, na inatakiwa iwe siri, ili asitishwe na mwenye nguvu. Ya mbunge ni kitu kingine. Ile si mali yake. Ni yetu, ameibeba tu, na sioni kwa nini mwenye mali asionyeshwe ilivyotumika. Maoni yangu ni kwamba Ghasia wa 2018 alistahili kuhukumiwa kwa Juni 2018 pamoja na Mei 2013, vyote viwili mezani, na kwamba mpiga kura wa Ziwani alikwenda kituoni akiwa na kimoja tu alichokishuhudia kwa macho, yaani bomba.

Kuna atakayeniambia kwamba nadai Bunge la kigeni. Sivyo hata kidogo. Bunge letu lenyewe, tena la chama kimoja, mwaka 1973 liliukataa muswada wa kodi ya mapato. Mwalimu Nyerere alipotishia kulivunja, wabunge wakarudi na kuupitisha. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1968, TANU ilikuwa imewafukuza wabunge kadhaa waliosema sana, na ubunge wao ukaishia hapo. Kwa hiyo wale wa 1973 walijua wanacheza na moto gani. Mwaka 1993 wabunge 55, wakiongozwa na Njelu Kasaka, walileta hoja ya kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Tunawaita G55 hadi leo kwa sababu walihesabika. Walitia sahihi, majina yakajulikana, na kila mmoja akabeba lake, la heri au la shari. Hoja yao ilikubaliwa Agosti 1993 na ikafutwa mwaka uliofuata baada ya Mwalimu kuipinga. Hukubaliani nao? Unajua nani wa kumlaumu. Unakubaliana nao? Unajua nani wa kumshukuru.

Jirani zetu Kenya wanachapisha majina ya kura za mgawanyiko. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa, Nairobi, lilipitisha Muswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na kabla jua halijatua kila kijana mwenye simu alikuwa na orodha. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia majengo ya Bunge, watu waliuawa kwa risasi, na siku ya pili Rais William Ruto akasema hatautia sahihi. Biashara na nyumba za baadhi ya wabunge zilivamiwa. Uingereza imekuwa ikichapisha orodha za namna hiyo tangu mwaka 1836, lakini mfano wa Nairobi ndio unaotuhusu, kwa kuwa unatisha.

Nakiri unatisha. Mbunge wetu mmoja akiusikia atasema: mnaona? Mkianza kuchapisha majina mtatuchomea nyumba. Jibu langu ni Masasi. Masasi ya Januari 2013 nyumba ziliungua pasipo orodha yoyote, na kwa kuwa orodha haikuwepo, aliyetetea na asiyetetea hawakutofautishwa. Umati usio na habari huchoma kwa kukisia. Mbunge mwenye kura safi ndiye wa kwanza kunufaika kura yake ikiandikwa, na Ghasia wa 2018 angekuwa na karatasi ya kuonyesha Nanguruwe na Mahurunga mwaka 2020.

Kazi yenyewe si kubwa. Haihitaji kubadili Katiba. Bunge hutunga Kanuni zake lenyewe. Miswada yote haina haja ya kuitwa kwa majina, maana tungekesha. Lakini pale kifungu kinapogusa fedha za zao, madini au gesi ya mkoa, na wabunge kadhaa wakasimama kuomba wahesabiwe, basi wahesabiwe na Hansard ichapishe. Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014 liliita mjumbe mmoja mmoja na kumpa uhuru wa kuchagua kura ya wazi au ya siri, ukumbi haukuanguka.

Kwa wale wanaotaka kusoma wenyewe, Taarifa Rasmi za mkutano wa bajeti wa mwaka 2018 zinapatikana katika tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili. Tafuteni siku za mwisho za Juni, mjadala wa Muswada wa Sheria ya Fedha. Someni maoni ya Kamati ya Bajeti kwanza, kisha majibu ya Serikali, kisha hotuba za wabunge wa Mtwara, Lindi na Ruvuma mmoja baada ya mwingine. Ni kurasa nyingi, na mtu anayezisoma barazani kwa sauti atahitaji jioni mbili.